Alama Nyeusi kwenye Pakiti

Kwa miaka sita mama mmoja alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake ni nesi. Si uongo mkubwa, alijitetea. Sindano ni sindano. Kumbe binti huyo, ambaye wateja walimwita Fundi Vipini, kazi yake ilikuwa kutoboa watu: masikio, pua, na zaidi ya yote vipini vya ngozi, vile ambavyo kibati cha titani hukaa chini ya ngozi na kito hubaki juu kiking'aa.

Siku hiyo leseni ya duka lake ilikuwa inakwisha. Bwana afya asipogonga muhuri, kesho mlango haufunguliwi. Na kana kwamba hilo halitoshi, mama naye alikuja kumtembelea, mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe. Akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, kama anayesubiri basi. Kando yake alikaa mshonaji nguo mmoja, mteja aliyetaka kito chini ya mtulinga.

Bwana afya alikuwa mtu wa maneno machache. Alifungua droo, akatikisa boksi la sindano zilizotumika, akapitisha kidole nyuma ya sinki. Fundi alimfuata kifua mbele.

"Akija mtoto wa miaka kumi na saba, na mzazi amesaini?"

"Masikio, sawa. Kipini cha ngozi, hapana. Hata mzazi apige magoti."

"Ganzi unachoma?"

"Sichomi. Sheria hainiruhusu. Mimi si daktari wala nesi."

Mama alikohoa kikohozi kirefu, akaangalia dari.

Bwana afya aliridhika. Akaweka fomu mezani, akaanza kupekua begi lake akitafuta muhuri. Fundi, kwa maringo tu, akafungua mashine ya mvuke ili amwonyeshe vifaa vya asubuhi ile. Akasita. Kila pakiti ya vifaa ina alama ambayo hugeuka nyeusi mvuke ukishaua vijidudu. Alama za pakiti za katikati zilikuwa bado za waridi.

Bwana afya alikuwa amempa mgongo. Mama ndiye aliyeuona uso wa mwanawe, akaelewa kwamba kuna jambo, akamkonyeza: nyamaza, agonge muhuri aende zake.

Angenyamaza, nani angejua? Pakiti zile angezirudia baadaye, na leseni angekuwa nayo mkononi. Lakini Fundi alikuwa na kiburi cha kazi yake, na kiburi hicho hakikumruhusu.

"Bwana afya, usigonge kwanza," alisema. "Vifaa hivi havijaiva. Nilishindilia mashine. Nilikuwa na haraka, nilitaka mama akute pamependeza. Hakuna kilichotumika, alama huwa naiangalia kabla sijafungua pakiti. Ila hizi bado ni za waridi."

Mama akainamisha macho kwenye mkoba wake. Bwana afya akazitazama pakiti moja moja.

"Ningezikuta mwenyewe," alisema, "ningelifunga duka hili leo." Kisha akavuta kiti. "Rudia. Nasubiri."

Fundi akafungasha upya, akapanga nusu ya mzigo, kila pakiti na nafasi yake. Mashine ikaanza kunguruma. Dakika arobaini. Mama, ambaye hakuumbiwa kukaa kimya, alilisoma tangazo la ukutani la masharti kwa wateja mwanzo hadi mwisho, kisha akamgeukia mshonaji.

"Mwanangu, una kisukari?"

"Sina, mama."

"Makovu yako huwa yanavimba? Usimfiche fundi. Na kitambulisho umekuja nacho? Basi kitoe kabisa."

Bwana afya alificha kicheko nyuma ya fomu.

Mashine ilipolia, Fundi akazipanga pakiti mezani. Nyeusi, zote, hadi ya mwisho. Bwana afya akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika, na pembeni akaandika kwa mkono: mwenye duka ametaja kosa lake mwenyewe. Fundi aliyasoma maneno hayo mara mbili, akaona fahari ambayo hakuwahi kuiona hata siku alipofungua duka.

Simu ya mama ikaita. Jirani.

"Niko kazini kwa binti yangu," mama alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hospitali gani? Hebu nisikilize. Binti yangu si nesi. Anatoboa watu, anawawekea vito kwenye ngozi. Leseni yake imegongwa sasa hivi, nimeshuhudia." Akasikiliza kidogo. "Wewe pia unataka? Njoo. Lakini uje na kitambulisho, na ukifika, usimharakishe."