Hija Hashuki

Kampuni moja ya Kurasini ilipoleta malori ya umeme, meneja Stanley aliwapa madereva vijana. Mzee Hija, aliyeendesha ya dizeli tangu ujana wake, na madereva wazee wenzake waliambiwa wakapumzike nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Hija alipanda lori jipya lililokwishapakiwa saruji ya kupeleka Madale, akafunga mkanda.

"Shikamoo mzee. Shuka basi, hili si la umri wako," Stanley alisema.

"Marahaba. Sishuki. Kama huniamini, panda twende."

Stanley akapanda, kanuna. Kwenye vilima vya Madale lori lilipanda kimya kimya. Mikono ya Hija ilitulia kwenye usukani.

Walipofika, Stanley akasema, "Haya, kesho uje kazini."

"Nitakuja na wazee wenzangu mliowafukuza," Hija akamjibu.