Jibu la Siku ya Ukaguzi

Tangu asubuhi binti alikuwa akimkumbusha baba yake jambo moja tu: wakikuuliza, sema kweli. Hospitali ya jeshi ingemtibu bure kama madaktari wangekubali kwamba ule ugonjwa wa damu aliupata kazini. Wasipokubali, arudi nyumbani akajifie polepole.

"Baba, umeshika niliyokwambia?"

"Ah, mama, umenigeuza kasuku? Nimeshika."

Baba alikuwa fundi wa injini za ndege za kivita, na mtaani walimwita Mzee Mafuta, maana harufu ilifika mlangoni kabla yake. Binti ndiye aliyekuwa akifua ovaroli zake, maji yakitoka meusi. Habari za glavu za kuzuia mafuta hayo yasiingie mwilini alizijua kwa sababu baba mwenyewe alizisimulia akicheka mpaka machozi. Zilikaa stoo, chini ya kufuli. Mkubwa akija kukagua, zinatolewa, wanazivaa, zinang'aa kama za bibi harusi. Mkubwa anauliza, "Vifaa vyote mnavyo?" Wote kwa pamoja, "Ndiyo, afande!" Gari lake likitoka getini tu, glavu zinarudi stoo, mikono mitupu inarudi kwenye mafuta.

Katika chumba cha mahojiano hospitalini walikaa madaktari watatu. Wa katikati alivaa magwanda, nyota mabegani. Baba alipoziona nyota zile, mgongo wake uliopinda siku nyingi ukanyooka kama ubao. Binti akaona.

"Sajenti, injini mlizisafisha kwa mafuta?"

"Ndiyo, afande!"

"Na vya kujikinga? Glavu mlikuwa nazo?"

Binti alimfinya baba pajani.

"Ndiyo, afande! Vyote!"

"Si kweli!" Binti alikuwa ameshasimama. "Walikuwa wanavalishwa siku ya—"

"Kaa chini!" baba alifoka. "Kikosini ulikuwepo wewe?"

Yule wa magwanda alimtazama binti bila ubaya wowote. "Dada, mgonjwa ni yeye. Nasikiliza lake." Kisha akamgeukia baba. "Kama ulijikinga, mzee, ugonjwa huu haukutoka kazini. Hatuwezi kukupokea."

Baba alipiga saluti.

Nje, kwenye benchi, mgongo ulipinda tena.

"Baba, kwa nini?"

Alikaa akiitazama mikono yake, ngozi imechanika kati ya vidole. "Ameuliza vilevile," alisema. "Sauti ileile. Mdomo umejibu wenyewe."

"Basi turudi ukamwambie."

"Nikamwambie afande nimemdanganya?" Alishtuka kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. "Na wenzangu je? Kikosi kizima kionekane waongo?"

"Wenzako gani, baba? Si tumewazika?"

Binti alimfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, maana vidole vile havikuweza tena kushika kitu kidogo. Ndege ikapita juu yao. Baba akainua uso, akasikiliza kwa makini mpaka mlio ukapotea.

"Injini nzima ile," alisema. "Wanaitunza."

Binti hakutazama juu.