Watu wa Diski ya Zamani

Msiniambie habari za mashine yenye kasi. Mimi, Léopold Musoni, kasi hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu, nikaipima, nikaiandika kwenye daftari, na hadi leo nikiikumbuka natamani kujizaba makofi.

Mwaka 2013 nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo ya kuwatafutia watu ndugu zao, pale Kabazana, katika kambi ya Nakivale, wanapopokelewa wakimbizi wapya kabla ya kupewa viwanja. Mtu akishuka kwenye lori anakuja kwetu, anataja jina la aliyepotezana naye, mama, mume au mtoto, nasi tunalitafuta kwenye orodha ya watu wote waliojiandikisha kwetu tangu 1998. Kazi nzuri. Shida ilikuwa kompyuta. Jina moja lilichukua dakika kumi na moja! Diski inakoroma humo ndani, mtu amekukodolea macho, na foleni nje imefika kwenye bomba la maji. Kwa siku tulihudumia watu thelathini tukijitahidi. Wengine walipewa viwanja wakatawanyika bila hata kuulizwa wanamtafuta nani.

Mkuu wangu, Rwakabuba, Mnyankole wa Kabingo, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Léopold, ssebo," akaniambia, "hii mashine yako iko polepole sana. Watu nachoka. Fanya kitu."

Basi nikafanya. Wiki nzima nilijifungia na kompyuta. Nililitafuta jina lile lile kwenye diski ya zamani, kisha kwenye diski ya kuchomeka kwa waya, kisha kwenye diski mpya niliyoifuata mjini Mbarara, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Saa ya simu ilikuwa mkononi. Kabla ya kila kipimo nilizima mashine kwanza, kwa sababu kompyuta hukumbuka ilichosoma sasa hivi, na ukiirudishia swali lile lile inajibu upesi, ikakudanganya. Hilo nililijua, eti! Diski ya zamani dakika kumi na moja, ya waya kumi na nne, mpya sekunde hamsini. Nikaiwekea mpya faharasa ya majina, ili mashine iende moja kwa moja kwenye jina badala ya kumsoma kila mtu kuanzia wa kwanza. Sekunde nne. Rwakabuba akapiga meza: "Banange!" Nami nikatembea kifua mbele siku tatu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Faharasa sikuijaribu kwenye diski ya zamani. Nilibadilisha vitu viwili, diski na faharasa, lakini sifa zote nikaipa diski mpya. Halafu kuna baya zaidi. Diski mpya ilikuwa ndogo, na picha za watu zilihifadhiwa pamoja na majina yao, wote hawakuenea. Nikawahamisha waliofika kuanzia 2008. Wa zamani nikawaacha kule kule, kompyuta ikawa haiwaangalii tena. Nitawaunganisha wiki ijayo, nikajisemea. Rwakabuba sikumwambia.

Na nilikuwa na sababu yangu, sababu ya mtu wa kwetu. Sisi Wakongo wa Kivu ya Kusini, ukifika Nakivale, Jumapili ya kwanza unasimamishwa kanisani. Unataja jina lako, la baba yako na mlima uliotoka, na kabla hujakaa kuna mama huko nyuma ameshapiga kelele: "Huyo ni wa kwetu!" Aliyekaa hapa miaka sita, miaka kumi, wa kumtafuta kwa kompyuta kwa nini? Kanisa linamjua. Asiyejulikana kanisani hayupo. Ndivyo nilivyoamini, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Mwezi wa kumi na moja akaja Pélagie. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, kitenge kimepauka. Alipotezana na mama yake kwenye njia ya Uvira mwaka 1998, akiwa binti mdogo. Mama aliitwa Kankindi Marie. Amemtafuta Bujumbura, amemtafuta Kigoma. Nikaandika jina, nikabonyeza. Sekunde nne.

"Hayupo, dada."

Akanitazama. "Kaka, umeangalia muzuri? Ni haraka sana. Kule Bujumbura walitafuta siku mbili."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikapandwa na hasira. "Dada, mashine haisinzii kama makarani wa Bujumbura. Ikisema hayupo, hayupo. Angalia nyuma yako, watu wanangoja."

"Mara moja tena tu, kaka."

Nikabonyeza kwa nguvu, nikamgeuzia skrini. "Umeona?" Akasema asante.

Jumapili alisimama kanisani kwetu, akataja jina la mama yake na mlima wao. Hakuna aliyepiga kelele. Hapo nikatulia kabisa, maana kompyuta imesema na kanisa limesema. Baada ya wiki mbili alikataa kiwanja, akaenda Mbarara, mtaa wa Kakoba, kufulia watu nguo. "Nitakaa fasi gani peke yangu?" aliniambia akinipa mkono. "Kama mama hayuko, shamba ni la nini?"

Ile wiki ijayo yangu ilichukua miezi saba. Mwezi wa sita Rwakabuba akataka taarifa ya vipimo, aipeleke kwa wakubwa, ndipo aibu ikanisukuma kupima sawasawa. Niliwaunganisha watu wote kwenye diski ya zamani, nikaiwekea faharasa. Kwa majaribio nikachukua majina tuliyoyakosa. La kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu, hakuna. La nne likaleta mstari mmoja: Kankindi Marie, mtu wa Uvira, amefika 2002, anamtafuta binti yake Pélagie.

Sekunde tisa, watu wote wakiwemo. Kwenye diski ile ile kuukuu niliyoitukana.

Nilipanda boda hadi kijiji chake kando ya ziwa. Si mbali, dakika arobaini. Jirani yake, mjane anayeitwa Mukamurenzi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akanionyesha kilima kidogo cha udongo nyuma ya migomba.

"Umekawia, mutoto wangu. Tulimuzika mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili wa mwaka huu?"

"Wa huu huu. Miguu ilimukatalia, miaka ine hakufika kanisani, sisi wa kanisa ndogo ya huku ziwani ndio tulikuwa tunakuja kuomba naye hapa. Kila lori likifika Kabazana alikuwa anauliza: hawakumuleta mutoto wangu?"

Nikahesabu kwa vidole. Kumi na moja, kumi na mbili, wa kwanza, wa pili. Binti alikuwa mbele ya meza yangu, mama yuko hai, na kati yao dakika arobaini za boda. Nililia pale pale mbele ya watu, mwanaume mzima.

Kesho yake nilimkuta Pélagie kule Kakoba, anaanika mashuka. Njia nzima nilijipanga kusema kweli. Nilipomwona, ulimi ukanigeuka.

"Dada, mama yako tumempata. Alikuwa Nakivale. Lakini alifariki. Zamani."

Akakaa chini kwenye majani, akalia kwa muda mrefu. Kisha akajifuta uso. "Basi sikumukosa mimi. Alikuwa amekwisha kwenda." Akapumua kama aliyetuliwa mzigo. "Mungu akubariki, kaka. Wengine hawangekuja mpaka huku."

Akanipa na chai. Chai! Nikanywa nusu, kikombe nikakiweka chini. Nikaaga, nikafika barabarani, kijana wa boda akaniuliza naenda wapi. Nikarudi.

"Pélagie, nimekudanganya. Mama amekufa mwezi wa pili mwaka huu. Ulipokuja kwangu alikuwa hai. Jina lake nililiacha kwenye diski nyingine, kwa sababu nilitaka mashine iende haraka."

Nilingoja anipige. Ningemshukuru. Yeye alibaki ameshika shuka lenye maji, likimchuruzikia miguuni.

"Na ile ya kwanza," akauliza, "ilikuwa inachukua muda gani?"

"Dakika kumi na moja."

"Ningengoja," akasema.

Akatundika shuka kwenye kamba, akalinyoosha kila pembe. Kisha akaleta kigoda, akakiweka mbele yangu, na yeye akaketi juu ya ndoo.

"Kaa. Sema tena, toka mwanzo. Na usikimbie."

Nikakaa, nikaanza upya.