Kiwanja Chenye Ramani Mbili

Mwaka 1993, kamati mbili za mipango miji zilipounganishwa Dodoma, mchora ramani Lydia alipewa kazi ya kuoanisha ramani zao. Kiwanja kimoja kilimshangaza: ramani moja ilionyesha makaburi, nyingine nyumba. Mchana huohuo akaenda kukiona. Alimkuta bibi mmoja akipepeta uwele uani, mbele ya vigoda sita vitupu.

"Shikamoo, bibi. Hapa pana makaburi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Yako chini ya nyumba. Wenyewe wanauliza, sasa kamati ipi inawahusu?"

"Wenyewe akina nani?"

Bibi akaelekeza ungo kwenye vigoda. Kimoja kikasogea taratibu, kana kwamba kuna aliyempisha mgeni aketi.

Lydia hakuketi. Alirudi ofisini, akaandika kwenye ramani mpya: makaburi, pasijengwe tena.