Mapigo Manne ya Beda

Nilikuwa nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, binti yangu Winnie akaja na simu yake. Siku hizi nikitoka shule sitaki kusikia wimbo wowote, uwe wa kanisani au wa jogoo. Nimechoka, na sioni aibu kusema.

"Baba, hawa wanaimba wimbo wako."

Video yenyewe haikufika hata dakika. Akina mama wa Kisanga, wamevaa sare za vitenge, wanaimba wimbo niliotunga kwa ajili ya kwaya yetu hapa Kimamba. Wakafika pale sauti tatu zinaponyamaza mapigo manne ili besi ijibu peke yake. Besi haikujibu. Mama mmoja nyuma alishika mchi akatwanga kinu: pu, pu, pu, pu! Kisha wote wakaendelea kama vile wimbo ulizaliwa hivyo.

Kulikuwa na nyingine. Vijana wa Mikumi, wakifika hapo, waligonga mabenchi. Tindiga ndio walikuwa kiboko: mzee mmoja alitia vidole mdomoni akapiga mluzi wa kuita ng'ombe, na huko nje ng'ombe akaitika. Winnie alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Mapigo manne yale yalikuwa ya Beda. Beda alikuwa fundi baiskeli na rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa kambi ya mkonge, na akiimba besi ungesema sauti inatoka chini ya sakafu. Nilimtengea pale peke yake, asikike. Aliimba Jumapili tatu tu, presha ikamchukua. Wiki ile ile tuliyomzika, walimu wa kwaya wa wilaya nzima wakaniomba nakala. Nikaenda Kilosa kutoa fotokopi huku macho yamevimba, wala sikuzikagua. Kumbe mashine ilikata mstari wa chini wa ukurasa wa pili, mstari wa besi. Nakala arobaini nilizigawa kwa mkono wangu mwenyewe. Ni kama nilimzika mara mbili.

Mwezi ujao kwaya zote zinakutana Mikumi, na wimbo wa pamoja ni huo. Nikaapa kwamba Beda ataimbwa pale, hata kama nitazunguka kata kwa kata na mgongo wangu huu. Nikaunakili ule mstari kwa kalamu, na Jumamosi nikapanda bodaboda. Nilianza na Tindiga, maana yule ng'ombe aliniudhi kuliko wote.

Kiongozi wa kwaya yao, Getrude, alinipokea kwa shikamoo na kikombe cha maziwa. Kabla sijanywa nikatoa karatasi.

"Hapa pana besi. Kosa si lenu, ni langu."

Akasoma, akashika mdomo. "Jamani! Sisi tulijua umetuachia nafasi makusudi. Wiki mbili tunajiuliza tuweke nini. Mzee Maduhu akasema mwenye wimbo ametuheshimu, tusimwaibishe."

Mzee Maduhu mwenyewe, yule wa mluzi, alikuwa amekaa mlangoni. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, kwa hiyo hasira ilibidi isubiri salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Wanaume sita wakajifunza mstari kwa nusu saa. Wakaimba: do, do, so, do. Hawakukosea hata kidogo. Nikasema warudie. Wakarudia. Nikasema tena, na mara ya tatu nikakaa. Mstari ule haukuwa kitu. Do, do, so, do, mtoto wa chekechea angeutunga. Kumbe pale sikuandika wimbo. Nilimwachia Beda nafasi tu, naye akaijaza.

"Tumekosea, mwalimu?" Getrude aliuliza, kwa sababu nilikuwa nalia mbele za watu.

"Hamjakosea. Aliyekuwa anaimba hapa amefariki. Nilidhani nimemwandika kwenye karatasi."

Kisha Mzee Maduhu akauliza, "Anaitwa nani?"

"Beda."

"Alikuwa na ng'ombe?"

"Hapana, mzee. Alikuwa anatengeneza baiskeli."

Akafikiri kidogo. "Sasa mimi mluzi wa baiskeli siujui. Nitamwita kwa huu nilio nao."

Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikamwambia Getrude waanze upya, kama walivyozoea. Wakaimba. Sauti tatu zikanyamaza. Mzee Maduhu akatia vidole mdomoni, akapiga ule mluzi mrefu, na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikageuka kutazama njia ya Kimamba.