Mume wa Wote

Ukoo mzima ulimwita Daktari, ingawa mama yake hakuchoka kumtania kwamba hajawahi kumchoma mtu sindano. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, anatafiti sera za afya, na safari hii swali lilimkaa kooni: kwa nini wajawazito wengi walianza kliniki mimba ikiwa imeshakuwa kubwa?

Amri ya wizara ilisema hudhurio la kwanza mjamzito aje na mumewe, wapimwe damu wote wawili. Mganga mkuu wa wilaya aliipenda amri hiyo kama mboni ya jicho lake.

"Tazama takwimu," alimwambia. "Wanaume wanakuja!"

"Hizo ni za walioingia, mkuu. Waliorudishwa mlangoni nani anawahesabu?"

Mganga mkuu akakohoa, akatazama saa. Kesho yake Daktari alihamia kwenye kibaraza cha fundi cherehani, mkabala na geti la kliniki, na kila aliyerudishwa akamkaribisha kitini. Mmoja mumewe alikuwa safarini. Mwingine alikuwa ameachwa. Binti mmoja alilia tu. Aliyemfuata akacheka: "Dada, mimi mume nimeshapata. Yule pale."

Alikuwa dereva wa pikipiki. Kijiweni walimwita Mume wa Wote, maana aliwasindikiza ndani wasio na wa kuwasindikiza.

"Niwaache wazunguke na matumbo yao?" alimuuliza Daktari, akimwonyesha kidole chake. "Hiki kimetobolewa mpaka kimeota sugu. Ila usinitaje, dada yangu. Watanifunga."

"Sikutaji."

Siku ya kikao cha wilaya cha kusikiliza utafiti wake, Daktari alieleza yote bila kupepesa macho. Mganga mkuu akavimba. "Tapeli huyo ni nani?"

"Nilimwahidi. Hata mkinitoa nje, simtaji."

Alibaki amesimama. Ndipo muuguzi wa kliniki ile, mama mtu mzima, akainuka.

"Mkuu, sote tunamjua. Nimempima mwenyewe mpaka ananiita shemeji. Tulinyamaza kwa sababu bila yeye, wale wanawake tungewakosa."

Kicheko kilianzia viti vya nyuma. Mganga mkuu alijikaza, akashindwa.

"Haya. Ajaye peke yake apokelewe," alisema mwishowe. "Waume tuwaalike, tusiwalazimishe. Lakini hii ni wilaya yangu tu. Amri ni ya wizara."

"Najua. Ndiko ninakokwenda."

Wizarani walimweka benchi asubuhi nzima, kisha wakamwambia mkurugenzi yuko kikaoni, aje siku nyingine. Akajibu kwamba atangoja. Akavua viatu, akanyoosha miguu, akangoja.