Kifungo Amekalia Mikono

Uvumi ule uliingia kwenye kibanda cha ushonaji pamoja na sketi ya kupunguzwa kiuno. Aliyeuleta ni jirani ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, kwa sababu hazimiki.

"Mama Kifungo, umesikia? Shuleni wanawatafuta watoto wanaoongea lugha mbili. Wanawatenga."

"Wanawatenga wapi?"

"Mimi nitajuaje? Chumba chao peke yao huko. Eti vichwa vyao vimechanganyikiwa. Mwanangu kaambiwa na mwenzake. Kiuno punguza kidogo tu, shoga, nisije nikashindwa kukaa."

Fundi alipunguza kiuno, lakini maneno yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yeye mwenyewe aliishia shule ya msingi, na miaka yote hiyo alikaa dawati la mwisho akiomba asiulizwe swali, maana lugha ya shule ilikuwa haijamkaa mdomoni. Leo amsikie mwanawe naye anapelekwa nyuma? Hapana.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, binti yake wa sekondari aliyeitwa Kifungo tangu alipomeza kifungo cha koti la mteja, na bibi, mama yake fundi, aliyejua lugha moja tu, ile ya nyumbani. Kila jioni bibi na mjukuu walisoma kwa zamu kitabu cha zamani cha bibi kilichokwisha kupoteza jalada, wakicheka mpaka wanashikana mabega.

Jioni ile fundi alisimama mlangoni, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Kuanzia leo humu ndani ni lugha ya shule tu. Na mwalimu akiuliza nani anajua lugha nyingine, wewe hujui. Kalia mikono."

"Na bibi nitaongea naye nini?"

"Utamsalimia. Inatosha."

Bibi alikifunga kitabu kwenye kitambaa, akakiweka juu ya kabati.

Basi nyumba ikawa na adabu kama chumba cha kungojea daktari. Bibi akitaka maji, anaonyesha kikombe. Kifungo analeta, anatabasamu kidogo, anaondoka. Fundi aliliona hilo, na moyo ulimuuma, lakini alijikaza. Alijiambia anamwokoa mtoto.

Muhula ulikuwa ukingoni mwalimu wa lugha alipoleta suruali yake ishushwe pindo.

"Binti yako mtulivu sana," alisema. "Tunatoa beji kwa wanafunzi wanaozungumza na kusoma lugha mbili. Watavishwa mbele ya shule nzima, na kwenye vyeti vyao itaandikwa. Nilipouliza nani anajua lugha nyingine, darasa zima likanyoosha mikono. Yeye aliikalia, hivi." Akaonyesha.

Sindano ikamchoma fundi kidole.

"Mwalimu, anaijua. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilisikia mnawatenga."

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikateleza, halafu akayaona macho ya fundi, akairudisha mahali pake.

"Kuwatenga tunawatenga, mama. Wana chumba chao cha mtihani wa beji. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Mlete."

Kifungo alipoambiwa, alimtazama mama yake kama anatazama mgeni.

"Si ulinikataza?"

"Sasa nakuruhusu."

"Mama, ulimi wangu si bomba la maji, useme unafunga leo, unafungua kesho."

Hata hivyo alikwenda, na mama yake nyuma yake, roho juu. Ndani ya chumba walikaa mwalimu na mzee mmoja aliyealikwa kwa kuwa anaijua lugha ya kwao. Mzee akamuuliza Kifungo kwa upole, kwa lugha hiyo, aeleze habari za nyumbani. Kifungo akafungua kinywa. Akamtupia jicho mama yake aliyekaa karibu na mlango. Akakifunga. Polepole akaiingiza mikono chini ya mapaja, akaikalia.

Hapo fundi akaelewa. Mtoto hakukosa maneno. Alikosa ruhusa, na ruhusa ile haikutosha kutolewa kwa lugha ya shule.

Akainuka bila kuombwa. Tepu ilikuwa shingoni, alisahau kuivua. Akainyoosha toka bega hadi bega la mwanawe, kama afanyavyo kila mwaka anapomshonea sare, na akasema kwa lugha ya nyumbani maneno yao ya siku zote za kupima:

"Simama wima nikuone. Umekulia wapi nisijue?"

Kifungo akasimama.

"Nimekulia mgongoni kwako," akajibu, kama alivyojibu tangu mdogo. Kisha akaongeza neno ambalo halikuwemo kwenye mchezo wao: "Lakini mama, ulikuwa hunisemeshi."

Baada ya hapo hakuna aliyemshika. Alieleza habari za bibi, kikombe kinachoonyeshwa kwa kidole, kitabu kilichofungwa kitambaani. Mzee aliweka kalamu chini, akasikiliza tu.

Ilipofika zamu ya kusoma, Kifungo alikwama mstari wa kwanza, akakwama na wa pili.

"Kuzungumza amepita," mwalimu alisema. "Kusoma bado. Aliacha muda mrefu? Basi arudi muhula ujao." Fundi akatazama sakafu.

Nyumbani alikishusha kitabu mwenyewe, akampa bibi kwa mikono miwili, akasema kwa lugha ya nyumbani:

"Mama, nakuomba umsomeshe."

"Kumbe ulimi unao!" bibi akasema. "Nilidhani umeushonea kwenye pindo la mteja."

Jioni hiyo Kifungo alisoma kwa kujikwaa, bibi akimgonga kidole kila akikosea, na fundi hakukanyaga cherehani, asije akaifunika sauti.

Redio aliporudi na sketi ileile, safari hii kiuno kimembana, fundi alimpa haya akayatangaze kama alivyotangaza yale:

Usimkatie mtoto shauri kwa habari ya mteja kabla hujaenda shuleni kuuliza.

Usimfundishe mtoto kuficha anachokijua.

Usimnyamazishe bibi nyumbani kwake.

Usifunge kitabu ukidhani siku ukikifungua mtoto atasoma vilevile.

Usimtwishe mwanao woga wa dawati lako la zamani.

Usingoje mtihani ndipo umsemeshe mwanao.